Jicho la Kinyozi kwenye Kadi ya Fundi

Fundi cherehani alikuwa ameshavuka kizingiti, kadi ya kliniki mfukoni, mkewe akimpigia kelele dirishani asisahau kofia, maana akishatiwa matone ya kupanua mboni jua litamchoma macho. Asubuhi tulivu, ndugu zangu. Nani angedhani mtu huyo anakwenda kudanganya?

Fundi ana kisukari mwaka wa nane. Kila mwaka zahanati humpiga picha ndani ya jicho, nyuma kabisa, kisha picha hutumwa kwa daktari bingwa mji wa mbali, aisome na kujibu. Fundi aliyachukia matone tu: yanatia ukungu nusu siku, na sare za shule zilikuwa zimerundikana.

Basi akakata kona, akaingia kwa kinyozi, kaka wa mkewe.

“Shemeji, nenda ukanipigie picha.”

“Macho yako, nikapigwe mimi?”

“Macho ni macho! Mimi tundu la sindano naliona vizuri.”

“Nikiulizwa jina?”

“Taja langu. Halitakuvunja mgongo.”

Kinyozi akacheka, akaenda. Muuguzi alikuwa mgeni, kadi haina sura ya mtu. Kinyozi alirudi akipapasa kuta, akafunga duka mpaka jioni.

Siku ya tatu simu ikalia. Namba ya kwenye kadi, kumbe, ni ya mke.

“Mama, mumeo ana macho mangapi?” akauliza muuguzi.

“Mawili, kama wewe.”

“Daktari anahesabu manne. Mishipa ya mwaka huu hailingani kabisa na ya mwaka jana. Tena hii mpya inavuja damu. Mwenye jicho hili aje leo, asipofuke!”

Mke akageuka. Fundi alikuwa akitunga uzi sindanoni, ukapita pembeni ya tundu.

“Baba Pacha, ulimpeleka nani?”

“Ka... kaka yako.”

“Ndiyo maana watu wanatoka kwake na vishungi vya nywele!”

Mnacheka, nami nilicheka. Lakini kinyozi hakujua hata kama ana kisukari. Jicho halikumuuma siku moja. Na fundi, alipoburutwa kupigwa picha zake mwenyewe, naye alikutwa macho yameshaanza kuharibika.

SOMO

Kisukari hula jicho bila kubisha hodi. Kuona tundu la sindano leo si dhamana ya kesho. Ukiitwa kupigwa picha ya macho, nenda wewe, kila mwaka, hata kazi ikufike shingoni. Na usiye na kadi, kapime sukari.

Mkitaka kujua waliishia wapi: kinyozi alitibiwa kwa leza, anameza dawa, bado ananyoa, na vishungi vimepungua. Fundi alitibiwa pia. Jicho la kushoto limebaki na doa dogo. Sare zilichelewa siku mbili, hakuna mtoto aliyekwenda shule uchi. Mke humsindikiza mpaka kwenye kiti. Muuguzi siku hizi, kabla ya matone, huuliza kwanza: “Haya, mkeo yuko wapi?”