Sanduku la Paskalina

Siku ile mjinga alikuwa Ndesanjo. Hasingiziwi, anakiri mwenyewe, tena bila kuulizwa. "Mjinga wa mtaa mzima wa Sokon One," husema, "na cheo hicho hakuna aliyeninyang'anya."

Asubuhi ilianza kama nyingine. Alifagia mbele ya duka lake la mablanketi. Akamimina chai kikombe kimoja, akamimina na cha pili. Kisha akakumbuka kwamba mnywaji wa cha pili hayupo. Mkewe, Paskalina, walimzika Machame wiki tatu zilizopita. Mkono wake ulikuwa bado haujapata habari.

Paskalina ndiye aliyekuwa akifuata mablanketi nje ya nchi na kuyapitisha mpakani Namanga. Karatasi zote alizitunza katika sanduku lake la bati, chini ya nguo. Na katika ukoo wao, sanduku la marehemu halifunguliwi mpaka dada yake aje kugawa nguo. Dada alikuwa aje mwezi uliofuata.

Saa nne wakaingia maafisa wawili wa forodha. Mkubwa wao, Loserian, alionyesha kitambulisho.

"Shikamoo, mzee. Pole kwa msiba. Tuna taarifa kwamba hapa kuna mzigo ambao haukulipiwa ushuru. Tutakagua duka, stoo na nyumba. Tunaomba pia hati za forodha na risiti."

Akilini Ndesanjo akaona mikono ya wanaume wageni ikichambua kanga za mkewe. Moyo ukakataa. Mdogo wake, Melkizedeki, akamvuta pembeni.

"Kaka, usiwape kitu. Mwenye nyumba si wewe? Mimi natoka na sanduku mlango wa nyuma, nalipeleka kwangu Kikatiti."

"Lakini karatasi zimo humo humo."

"Ndiyo vizuri! Watakagua nini sasa?"

Basi Melkizedeki akatoka na sanduku, Ndesanjo akarudi dukani, kifua mbele.

"Karatasi hakuna. Hazijawahi kuwepo."

"Hazijawahi kabisa, mzee?" Loserian akauliza.

"Kabisa."

Hapo ndipo alipomvua mkewe heshima, huku akidhani anamsitiri.

Marobota kumi na manne yalipakiwa kwenye gari. Loserian aliandika kila robota, akamwachia hati ya kukamata mali. Wiki haikuisha, mtaa mzima ukawa unajua. Princess, binti yao, alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akilia.

"Baba, wanasema mama alikuwa anapitisha mzigo njia za panya. Eti ndiyo maana msibani kwetu kulikuwa na pilau."

Ndesanjo akamfuta machozi. Maneno hayo aliwapa yeye.

Kesho yake akaja jirani yao Magreth, mama wa Eliud. Ni wakala wa forodha, amewajazia watu hati za mizigo miaka mingi. Akasoma ile hati, akavua miwani.

"Baba Princess, kweli uliwaambia karatasi hazijawahi kuwepo?"

"Niliwaambia."

"Basi ulimshtaki Paskalina, na shahidi ukawa wewe."

"Lakini hapa ni kwangu, Mama Eliud! Wana haki gani ya kuingia?"

"Wanayo. Sheria ya forodha inawapa. Afisa akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuna mzigo usiolipiwa ushuru, au karatasi zake, anaingia. Dukani, stoo, hata chumbani. Anaweza kudai hati, akazisoma, akazitolea nakala, akazichukua zikiwa ushahidi. Kumzuia ni kosa. Kumdanganya ni kosa. Na mzigo ukishakamatwa, wa kuthibitisha kuwa ushuru ulilipwa ni wewe, si yeye."

"Kwa hiyo mimi sina changu?"

"Unacho, ila ulikikimbia. Unaangalia kitambulisho. Unaomba mwenyekiti wa mtaa aje ashuhudie. Unasimama pale pale wanapokagua. Wakichukua kitu, kinaandikwa. Unasoma kwanza, ndipo unasaini, na unaomba nakala. Ungemwambia tu, 'Hizi ni nguo za marehemu, niache nizitoe mwenyewe.' Unadhani Loserian hana mama?"

Ndesanjo akainamisha kichwa.

"Hati za mzigo zinatunzwa miaka mitano," Magreth akaendelea, sasa kwa upole. "Paskalina alilijua hilo, ndiyo maana akaziweka sandukuni. Sasa sikiliza. Una mwezi mmoja wa kudai mali yako kwa maandishi. Wiki ya kwanza imekwisha. Sanduku liko wapi?"

Walimpigia simu dada wa marehemu. Akasema, "Fungueni. Mimi nitakuja kulia baadaye."

Kikatiti walilikuta sanduku nyuma ya zizi la mbuzi. Mvua ilikuwa imelipiga siku zote hizo, na maji yameingia. Kanga zimeota ukungu. Gauni la harusi, ambalo Princess aliahidiwa na mama yake, lilikuwa na madoa ya kutu toka begani hadi chini. Princess alilikunja vilevile, akalipakata.

Chini kabisa kulikuwa na karatasi. Kavu. Zimefungwa nailoni tatu, kila mwaka na furushi lake, mwandiko wa Paskalina juu.

"Gauni lake hakulifunga hata nailoni moja," Ndesanjo akasema.

Aliandika barua, akapeleka hati, akakiri uongo wake. Marobota yalirudi. Faini ya kudanganya alitozwa, akalipa bila kunung'unika. Jumapili alisimama nje ya kanisa na kuwasomea wanakwaya barua ya forodha: mzigo wote wa Paskalina ulilipiwa ushuru. Waliomsema wakatazama viatu vyao. Aliyestahili kuisikia barua ile alikuwa Machame, chini ya migomba.

Siku hizi dukani kuna kabati la mafaili, na Princess ndiye mtunzaji. Mwaka uliofuata Loserian alirudi. Aliketi, akasoma, akashukuru, akaondoka kabla chai haijapoa.

Melkizedeki alikuwa amekaa juu ya robota, amenuna.

"Kaka, unawafungulia kila kitu kama wakwe zako! Mwanaume gani hana siri nyumbani kwake?"

"Melki, hujachoka kunifichia vitu?"

"Mimi nasema ukweli. Lazima uwe na siri!"

Princess hakuinua macho kwenye faili.

"Siri ya mama tulishaiona, baba mdogo. Ilikuwa risiti. Ya kwako ni nini?"