Mstari Uliopunguza Mtu Mmoja

Katika programu nzima aliyotumiwa kuikagua, ni mstari mmoja tu uliomkwaza Mukundwa. Kihisi kilihesabu watu chumbani kwa joto la miili yao. Draiva, yaani programu inayoifikisha hesabu hiyo kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, ilikuwa inamtoa mtu mmoja kabla ya kuipitisha. Kila mara, bila maelezo.

Aliyeiandika, Hatungimana, alikuwa Chilinde, Lilongwe. Mukundwa alifanyia kazi nyumbani kwake, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kihisi chenyewe kimebandikwa ukutani. Alimwandikia kuuliza sababu, akajibiwa auache tu. Sasa, wakaguzi wa programu ni wagumu kama makarani wa chakula cha msaada: mstari usio na sababu haupiti. Akaufuta, akajaribu. Ilikuwa mchana kweupe, yeye mezani, bintiye Isimbi mkekani akicheza na vizibo vya soda. Kioo cha kompyuta kikaandika watu watatu.

Akapitisha.

Msimlaumu. Miaka yote nyumba ile ilikuwa ya watu watatu, na tangu amzike mumewe René, Mukundwa alikuwa amekufa ganzi. Alipika, alifua, alikagua, hakuhisi kitu. Alipokuwa akipakua nsima, ugali wa Malawi, kwenye sahani mbili ndipo mkono ukamsimama hewani: walikuwa wawili tu.

Kiti cha René kililia, kama kilivyokuwa kikilia mtu akikikalia. Nyumba ikaanza kunuka udongo mbichi, ule wa kufukuliwa, na hakuna aliyekuwa akilima jirani. Akampigia Hatungimana, akamuuliza kwa sauti ya chini ule mstari ulikuwa wa nini.

Hatungimana akamjibu:

"Mama Isimbi, kwetu bamama habahesabu batoto kwa sauti, unajua. Hapa kwa meza yangu mashine ilikuwa inaona mutu mwenye haiko. Mi nilikuwa nakatala kumuhesabu. We umemuhesabu, njo umemupokea."

"Sasa nifanye nini?"

"Rudisha mstari. Mbio."

Akaurudisha. Kioo kikasema wawili, kiti kikanyamaza, harufu ikakatika, akashusha pumzi. Halafu Isimbi akaacha vizibo, akajilaza, na Mukundwa alipomshika mguu akaukuta wa baridi, akapandisha mkono hadi gotini, baridi, hadi tumboni, baridi, midomo ya mtoto ikipauka mbele ya macho yake huku kioo kikiendelea kusema wawili, na alipoegemea kile kiti ili ainuke, mbao zake zilikuwa na joto.

Akaelewa. Aliyekwisha kuhesabiwa hatoki tena. Mstari sasa ulikuwa unamtoa mwingine.

Ganzi ikamwachia. Akaogopa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaogopa hadi vidole vikakosa herufi. Akaufuta mstari tena, akakigeukia kiti kitupu.

"Tuko batatu," akanong'ona. "Nimekuhesabu. Muache mutoto."

Joto likamrudia Isimbi polepole, kuanzia tumboni. Harufu ya udongo ikarudi pia. Mukundwa akachukua sahani nyingine, akapakua, akaiweka mbele ya kiti, na ganzi ikamrudia akiwa bado ameshika mwiko.

Isimbi akaamka. Akakitazama kile kiti kwa muda, akajibanza kwa mamaye.

"Mama, huyu mwenye amekaa haiko papa yangu."

"Najua," akasema Mukundwa. "Kula."