Nyama ya Ntheo

Siku ya soko Machakos, baiskeli ya mashindano ilivamia rundo la sweta za mitumba, na mwendeshaji akalala juu yake.

"Aiya! Umevaa kaptura ya mdogo wako?" Kalunde, mwenye sweta, aliuliza, na soko likacheka. Kijana alikuwa mrefu, jasho likimtiririka, kaptura nyeusi imembana mapajani.

"Pole, dada. Nilikuona nikasahau breki."

"Uongo huo peleka Mitaboni."

"Ndio nyumbani. Naitwa Ndambuki."

Mwaka mzima Ndambuki alipanda vilima vya Iveti na Mua. Akishuka alifungua zipu ya fulana, upepo umkaushe jasho, kisha akapita sokoni kunywa uji na Kalunde. Walipendana bila kujificha. Ndipo timu moja ikamwita Ufaransa, kushindana kwenye milima ya Alps.

Mzee Mutuku, babake Kalunde, hakupendezwa. "Lete ntheo kwanza." Ntheo ni mbuzi watatu wa posa; kwa ukoo wao, msichana akishaonja nyama yao mbele ya wazee, amekwisha kuposwa. "Kisilu wa malori kule Mlolongo ameuliza mara mbili."

"Nipe mwezi mmoja, mzee. Nikirudi nitakuja na wajomba."

Kisilu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Kalunde.

Siku moja kabla ya mashindano, simu ililia.

"Kalu wangu, huku baridi inavunja meno. Na mlima wenyewe hauishi!"

"Si uvae nguo."

"Nikipanda nachemka, mpenzi. Kesho nikimaliza, wewe ndio wa kwanza kupigiwa."

"Usipopiga nitajua umepata mzungu." Wakacheka.

Kileleni Ndambuki alikuwa wa saba. Wenzake walitia magazeti kifuani kuzuia upepo na kuvaa makoti huku wakienda. Yeye alifanya alivyozoea Mua: alifungua zipu. Mtoto wa jua angejuaje kuwa jasho huganda? Kufikia kona ya nne ya mteremko vidole vilikuwa vigumu kama kuni. Breki aliiona, kuibana hakuweza. Akaruka ukingo wa barabara.

Machakos, ngoja ngoja ilimuumiza Kalunde matumbo. Siku tatu simu haipatikani. Siku kumi. Kwa mamake Ndambuki hakwenda kuuliza. Msichana asiyetolewa ntheo ataingia boma la watu kama nani? Angekwenda, angemkuta mama huyo akilia, na habari zote anazo.

Rafiki yake Nzisa akamwonyesha picha mtandaoni: Ndambuki amekumbatiwa na msichana mweupe, anacheka. Ilipigwa kabla ya mashindano, lakini nani alikuwepo wa kumwambia?

"Baba, mpokee Kisilu," alisema.

Jumamosi mbuzi walikuja. Kalunde, katika gauni la kijani, alitafuna nyama mbele ya wazee bila kupepesa macho. Hasira hasara.

Jumanne ikaingia simu ya ng'ambo.

"Kalu, ni mimi."

"Leo ndio umenikumbuka?"

"Nilianguka. Juzi ndio nimeamka. Miguu haisikii kitu."

Kalunde aliketi juu ya sweta. "Daktari anasema nini?"

"Anasema nizoee kiti cha magurudumu. Nitatuma wajomba na mbuzi. Wasinisubiri."

"Kisilu ameleta."

"Na umekula?"

"Nimekula, Ndambuki. Nilidhani umenitupa. Nitawarudisha mbuzi mwenyewe! Nitawafungua leo leo!"

"Na ile umekula, utairudisha aje?"

Ndambuki alirejea Oktoba. Alhamisi kabla ya harusi, Kalunde alikwenda Mitaboni. Ndambuki alikuwa uani, amenyolewa, shati jeupe, mapaja yake yamekwisha kabisa.

"Sema neno moja tu, nisiende," Kalunde alimsihi.

"Nikisema utabaki. Utanilisha, utaniosha, na siku moja utanichukia."

"Unanijua vibaya."

"Labda. Lakini sina nguvu ya kungoja nione." Alikunja uso. "Jua limeniingia machoni. Nigeuze, mpenzi, halafu uende."

Kalunde alilia bila kuficha. Alimpenda kuliko siku zote, na Ndambuki alijua. Alimgeuza kiti, akamfunika ile miguu isiyosikia baridi, akaenda kuolewa na Kisilu.