Ufagio Ulioingia Ndani

Nyumba ya tano ndiyo iliyoanza kumharibia Vernita Boyd mambo. Alifungua kufuli la benki, akaingia na ndoo yake, na katikati ya sebule akakuta taka zimeshafagiwa na kukusanywa kichuguu kimoja safi, kana kwamba aliyekuwa akifagia ametoka kutafuta kizoleo. Nyumba hiyo ilikuwa imefungwa tangu Februari. Vumbi lilitanda kila pembe isipokuwa pale.

Alimwuliza mdogo wake Rozell kama aliingia humo jana. Rozell akamkumbusha kwamba ufunguo ni mmoja, na dada yake hulala nao chini ya mto kama mke mwenye wivu. Vernita akachuchumaa. Ndani ya zile taka mlikuwa na kifungo cha kijani, jino la mtoto na kipande cha utepe wa zambarau. Utepe ule aliujua. Wiki mbili nyuma aliuokota kwenye nyumba nyingine, maili kumi na mbili kutoka hapo, akautia kwenye mfuko, na mfuko ukaenda jalalani mbele ya macho yake.

Aliuzoa tena pamoja na vingine, akasonya, akaendelea na kazi. Muda wa kuogopa hakuwa nao.

Huo ulikuwa mwaka ambao benki zilitwaa nyumba za Memphis za waliolemewa na mikopo, mtaa kwa mtaa, mpaka ukiona taa inawaka kwa jirani unashukuru Mungu. Vernita alikuwa ameachishwa upishi wa shuleni. Akaona kwamba nyumba zote hizo lazima mtu azisafishe kabla hazijauzwa, akanunua pikapu kuukuu, akamwandika Rozell kazi, akaanza. Kazi zilitoka kwa Bwana Tate, wakala wa benki mwenye sauti ya usingizi, naye alitaka picha: kila chumba kabla ya kusafishwa, na kila chumba baada. Utando mmoja wa buibui ukionekana kwenye picha, unarudi kesho yake kuanza upya. Vernita alirudishwa kwa sababu ya utando. Alirudishwa kwa sababu ya kivuli chake mwenyewe. Safari moja alirudishwa, na hadi leo hajaambiwa kwa nini.

Alivumilia yote hayo kwa ajili ya mtu mmoja. Mama yake, Bi Lurlene, alikuwa amepooza upande, hawezi kwenda hata msalani peke yake. Dada yao mkubwa, aliyekuwa Chicago, alikuwa akisema kila anapopiga simu kwamba mama apelekwe kwenye nyumba ya wazee. Vernita aliapa kwamba mama yake atafia kitandani mwake, chini ya paa alilolilipia kwa miaka thelathini ya kufua nguo za watu. Na kazi hii, pamoja na karaha zake zote, ilimruhusu kurudi nyumbani saa sita mchana kumlisha.

Sasa, kwetu kila mtu anajua kwamba ufagio wa zamani hauhamii nyumba mpya. Ukihama unauacha, unanunua mwingine, maana ufagio hubeba yale uliyoyafagia. Siku ya kwanza ya kazi Bi Lurlene alimwita bintiye kando ya kitanda akamkumbusha hayo. Vernita alikuwa na ufagio mmoja tu, wa mabua, mpini umeng'aa kwa kushikwa, nao ulifagia vizuri kuliko zote za dukani.

"Mama, kila siku ni nyumba nyingine. Ninunue fagio ngapi?"

"Haya, wewe ndiye unayejua," mama alisema. "Lakini humu ndani usiuingize."

Hilo alilishika. Ufagio ulilala garini kila siku.

Nyumba ya sita ikawa na kichuguu chake, na ya saba, na ya nane, na kila kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kilichotangulia, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na vitu vya nyumba zote za nyuma. Rozell alifanya mzaha kwamba wamepata mfanyakazi wa bure, dada asimfukuze. Mzaha ulimwisha kwenye nyumba ya tisa. Walikuwa wamesimama jikoni mchana kweupe, jua limejaa dirishani, friji limefungwa kwa utepe wa gundi ili uvundo usitoke, na bado walisikia harufu ya vitunguu vikikaangwa na mtu asiyekuwepo, kisha juu ya vichwa vyao, chumbani walikokwisha kumaliza, chwa, chwa, chwa, taratibu, mtu anafagia kuelekea ngazini. Rozell alinong'ona kwamba yeye anangoja garini. Vernita alipanda peke yake, hasira ikimsukuma kuliko ujasiri, akakuta chumba kitupu na dirisha limefungwa. Akapiga picha yake, akashuka.

Mwezi Mei ikanyesha mvua ya kuzoa magari. Rozell alitaka kuokoa vifaa, akavibeba vyote mikononi akaviingiza jikoni kwa Bi Lurlene: ndoo, koleo, mopu, na ule ufagio. Jioni Vernita aliukuta nyuma ya mlango, umesimama wima, mkavu. Alimfokea ndugu yake mpaka mama akauliza kulikoni, naye akamdanganya kwamba si kitu. Ufagio akautupa uani kwenye mvua.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa kwao hakungoja kupewa chochote, alikuja anaijua kazi.

Asubuhi viatu vyote vya nyumba vilikuwa nje ukingoni mwa barabara, vimepangwa jozi kwa jozi. Siku ya pili zilikuwa sufuria. Siku ya tatu yalikuwa mapazia, yamekunjwa vizuri, na juu yake saa ya ukutani ikiendelea kutembea. Na mjini kwetu mwaka ule, ukiona vitu vya mtu ukingoni mwa barabara unajua maana yake, ametolewa na benki. Mama mmoja wa kanisani alileta keki na macho ya huruma, akauliza mbona hawakuwaambia watu wakawaombea. Vernita alimweleza kwamba nyumba yao haijatwaliwa na benki wala na nani. Yule mama akampapasa bega, akasema aibu ni kitu kigumu.

Wiki ile waliingiza kochi mara tatu. Vernita alibadilisha kufuli. Akaegemeza kiti mlangoni, asubuhi kiti nacho kikawa nje. Rozell alitaka kuuchoma ule ufagio, ila mama, ambaye kufikia hapo alikwisha kujua yote, alimkataza. Ufagio ukiungua, alisema, kile kilichoushika kitatafuta kingine cha kushika. Basi kila asubuhi Vernita alibeba vitu ndani huku akitukana kimoyomoyo, kisha akaenda kutoa vya watu wengine nje, na jioni hakujua mgongo unamuuma kwa kazi ipi.

Ijumaa alirudi kumlisha mama mapema kuliko kawaida, kwenye saa tano hivi. Alipotia ufunguo mlangoni akasikia chwa, chwa, na pua yake ikapokea harufu za nyumba zote kumi na moja kwa pamoja, vitunguu na mazulia yaliyolowa na sabuni ya watoto na friji lililokufa, akapita sebuleni akiona ukuta mweupe pale palipokuwa na picha za baba yake, akapita jikoni ambako hapakuwa na hata kijiko, akamwita mama, akaita tena, akaona mlango wa chumba cha mama uko wazi na kitanda kimevuliwa shuka, godoro limesimamishwa ukutani kama yeye mwenyewe anavyoyasimamisha kwenye nyumba za watu, na sakafu imefagiwa vizuri kuliko alivyowahi kufagia yeye. Sauti ikakoma. Alikuwa ameingia kwa mlango wa uani, hakuiona barabara. Akakimbilia mbele.

Bi Lurlene alikuwa ukingoni mwa barabara, kwenye kiti cha jikoni, katikati ya sufuria na picha za mumewe, na vazi lake la kulalia, nywele zimechanwa, mkoba wa kanisani mapajani. Alikuwa amelala fofofo. Jua lilikuwa limeshamuunguza upande mmoja wa uso.

Alipozinduka hakukumbuka kitu. Ila majirani walikuwa wameona, na jioni ile Chicago ilipiga simu. Dada hakupaza sauti. Alisema anakuja Jumamosi ijayo na gari, amekwisha kupata nafasi, na mtu anayemsahau mama yake juani asimwambie habari ya kuapa. Vernita alishika simu hadi ikakatika. Alilia jikoni, kwa uchungu wa mtu aliyefanya kazi kwa bidii akajikuta ameichimbia shimo nyumba yake mwenyewe.

Jumatatu akaenda kwa Bi Zenobia, auzaye mishumaa na mizizi ya uganga upande wa Orange Mound. Bi Zenobia alimsikiliza bila kuacha kupanga bidhaa zake, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Umekitoa nje mara ngapi?"

"Nyumba kumi na moja."

"Hicho si shetani. Kilikuwa na nyumba, nyumba ikachukuliwa. Kikashika ulichonacho mkononi. Na kila siku kimekuona ukifanya kazi, kimejifunza." Akapangusa mshumaa. "Kipe nyumba. Ingia mlango wa mbele, fagia kuelekea ndani, kimya kimya. Acha ufagio nyuma ya mlango, toka usigeuke."

Vernita akauliza kama nyumba yoyote itafaa, labda lile gofu la karibu na reli linalongoja kubomolewa. Bi Zenobia akatikisa kichwa. Mahali pasipo watu si nyumba, kitarudi kwake kabla ya jua kutua.

"Na watakaohamia humo?" Vernita alinong'ona.

"Uliniuliza habari ya mama yako," Bi Zenobia alisema.

Alhamisi Bwana Tate akampa nyumba ya kumi na mbili, ya matofali, upande wa Frayser, jiko zuri, mnunuzi amekwisha kupatikana. Vernita alimwacha Rozell garini. Aliisafisha yote kwa mopu na matambara, kisha akarudi mlangoni na ufagio wake na kuanza kufagia kwenda ndani, kinyume cha mkono wake ulivyozoea, na kwa kila pigo alihisi ubaridi ukimpita vifundoni kwa adabu, kama watu wanaopita mbele ya mgeni aliyeketi, mmoja, kisha mwingine, hadi akapoteza hesabu. Harufu ya vitunguu ikamtoka nguoni. Akausimamisha ufagio nyuma ya mlango. Hakugeuka.

Picha za nyumba ile zilikubaliwa mara ya kwanza. Bwana Tate alisema hajapata kuona kazi safi kama hiyo.

Nyumbani kukatulia. Dada alikuja Jumamosi, akakagua kila chumba akitafuta kosa, akamkuta mama amekaa mezani akila mkate wa mahindi na mboga za majani, anacheka. Akakaa hadi Jumapili, akaondoka na gari tupu. Vernita alinunua fagio sita za dukani, mbaya zote, akawa anaacha mmoja kila nyumba.

Agosti alipata kazi mitaa miwili kutoka kwenye ile nyumba ya matofali. Angeweza kupita njia nyingine. Aliambia moyo wake kwamba anataka kuona tu kama kuna mapazia.

Mapazia yalikuwapo, ukingoni mwa barabara, yamekunjwa. Kando yake palikuwa na sufuria, viatu vya mtoto, na mzee mmoja kwenye kiti cha mezani, kofia magotini. Vernita alisimamisha pikapu kabla hajajua kwamba anasimama. Akashuka, akamwuliza mzee kama anahitaji msaada.

"Umeshamaliza?" mzee aliuliza.

"Hatufahamiani, baba."

"Jana nilikuomba, binti yangu. Nilikwambia sina nyumba nyingine. Nawe unanifunga vifungo vya shati kimoja kimoja, unatabasamu, hunijibu." Alikuwa akimtazama usoni sawasawa, bila hasira. "Mbona leo unajibu?"

Mlango ulifunguliwa, mwanamke kijana akaja mbio pekupeku, amechoka mno, anaomba radhi kabla hajafika. Baba mkwe wake akili zinamtoka, alieleza. Anatoa vitu nje, kisha anasingizia mwanamke ambaye hayupo. Wamejaribu kila njia. Jumatatu wanampeleka kwenye nyumba ya wazee, na mumewe hajalala tangu waamue.

"Samahani," alisema, "kwani unamjua?"

Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na ndani, kimya kimya, kulikuwa na harufu ya vitunguu. Hatua ishirini tu. Angeingia, angeuchukua ufagio, na jioni ungekuwa umerudi kwa mama yake.

"Hapana," Vernita alisema. "Lakini nimewahi kutunza mgonjwa. Wazee ndivyo wanavyokuwa."

Yule mwanamke alishukuru hadi machozi yakamlengalenga. Walimwinua mzee, kila mmoja akamshika mkono, wakampeleka hadi kizingitini, na hapo Vernita akamwachia. Akageuka kuondoka. Ndipo mzee akamwambia polepole, kama anayemfariji:

"Haya. Kesho basi."