Vibwengo Wenye Adabu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi kompyuta. Mchana mmoja, katika chumba chake kisicho na dirisha, alijaribu mashine ya mteja kwa mchezo alioukuta humo. Katika mchezo huo, yeye ndiye bwana mwovu wa chini ya ardhi. Vibwengo wake humchimbia mahandaki. Adabu zao zilimvunja mbavu: wakifika ukutani hugonga mara tatu, wakisubiri waambiwe "Karibuni" ndipo wabomoe.

Umeme ukakatika. Giza totoro.

Ko, ko, ko. Chini ya sakafu.

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini mama yake alikuwa jikoni, na mama huyo hajawahi kumwacha mgeni mlangoni.

"Karibuni!" akaitikia. "Piteni tu ndani!"

Chini ya unyayo wa rafiki yangu, kigae kikainuka taratibu.