Uji Hupimwa na Tui Lake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nusaiba humpikia nyanya yake, Bi Barke, uji wa mchele nyumbani kwao Mjambere. Tangu apatwe na kiharusi, Bi Barke hawezi kumeza vitu vyepesi. Hata maji humpalia. Ruth, muuguzi wa hospitali, aliwapa bomba la sindano lisilo na sindano akawafundisha kupima. Unaziba tundu kwa kidole, unalijaza uji hadi alama ya kumi, kisha unaachia na kuhesabu sekunde kumi. Uji ukibaki chini ya alama ya nne, ni mwepesi mno, mgonjwa asipewe.

Jumatatu moja uji ulibaki kwenye alama ya sita. Nusaiba alifurahi. Kisha akakumbuka kwamba nyanya yake hapendi uji usio na nazi, akamimina kikombe kizima cha tui na kukoroga.

Vijiko viwili tu, Bi Barke akapaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mwanatatu, mamake Nusaiba, alimwinamisha mbele na kumshikilia mpaka pumzi zikamrudia. Nusaiba alisimama na bakuli mkononi.

"Ulipima?" mama akauliza.

"Nilipima, mama. Ulibaki sita."

"Basi bomba hili lishaharibika. Kuanzia leo tutakadiria kwa macho." Akalichukua ili akalitupe.

Nusaiba alikuwa amesema kweli, lakini nusu yake. Angenyamaza, asingegombezwa. Ila kesho nyanya angekunywa uji usiopimwa.

"Mama, usilitupe. Nilipima kabla ya kutia tui."

Mama aliupima uji ule ule, ukabaki kwenye alama ya pili. Akaurudisha jikoni, akaongeza unga wa mchele, akaupima tena ulipopoa. Sita.

"Nusaiba," Bi Barke akaita taratibu.

"Abee, nyanya."

"Ahsante, mjukuu wangu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wewe hukuficha."

"Lakini ni mimi niliyekufanya upaliwe."

"Na ni wewe uliyesema. Namshukuru Mungu kwa hilo."

Mama akamshika Nusaiba bega. "Bomba halina kosa, mwanangu. Hupima kile unachokitia. Pima kile atakachokunywa mgonjwa, na ukikosea, sema yote. Nusu ya kweli ingemdhuru nyanya yako."

Bi Barke alimaliza bakuli zima bila kukohoa hata mara moja. Akajifuta midomo, akamtazama mjukuu wake kwa furaha.

"Kesho tena," akasema. "Na tui ulitie mapema."