Sindano ya Kumi na Tano

Shule zilipofungwa kwa baridi ya Januari, watoto wadogo wa kijiji cha Kara-Bulak hawakuwa na pa kwenda ila chumba kikubwa cha Bibi Zurakan. Kila siku baada ya chai ya asubuhi walifika wamefungwafungwa mitandio hadi yakabaki macho tu. Walivua viatu mlangoni, wakakaa kulizunguka jiko la samadi kavu kama vifaranga. Mama zao walijidai wamekuja kuwaleta watoto tu, kumbe wamekuja kumsikia Bibi akisimulia nani kachumbiwa na nani karudi kwao, na birika halikukauka.

Kazi ya msimu ule ilikuwa shirdak, zulia la sufu iliyokanyagwa kwa maji moto mpaka ikashikamana na kuwa nene. Bibi alikata mapambo mekundu ya pembe za kondoo, nao watoto wakayashona juu ya tabaka la chini. Zulia hili lilikuwa dogo, la Aktan, mjukuu wa Bibi aliyekuwa ameanza kusimama. Jumapili angefungwa miguu kwa kamba nyeusi na nyeupe, kama ilivyo desturi. Watoto wa kijiji wangeshindana mbio, mshindi aikate kamba ile, na Aktan apige hatua zake za kwanza kwenye zulia jipya, miguu mitupu.

Sirga, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa mlinzi wa sindano. Asubuhi aliwagawia wadogo sindano kumi na tano, jioni alizikusanya na kuzichomeka kwenye kipande cha sufu.

"Sindano ikizama kwenye sufu haionekani tena," Bibi alimwambia siku ya kwanza. "Inatambaa humo ndani mpaka ikutane na nyama ya mtu. Kwa hiyo hapa hatoki mtu mpaka zitimie. Hata mimi. Hata akija mkuu wa wilaya."

Sirga alijivunia kazi hiyo. Bibi aliwaambia kina mama kwamba msichana yule ana macho ya mwewe, na mama yake Sirga akatembea na sifa hizo kijiji kizima.

Alhamisi jioni Sirga alihesabu, akapata kumi na nne. Akahesabu tena. Kumi na nne. Baisal, mtoto wa miaka sita, alikuwa amerudisha uzi mtupu.

"Baisal, sindano yako iko wapi?"

"Ilikuwa hapa," Baisal akasema, akionyesha zulia zima kwa mkono mmoja. "Ikaingia. Nikaivuta, ukaja uzi peke yake."

Nje, Nazik, rafiki yake Sirga, alikuwa akigonga kioo cha dirisha. Alikuja na kigari chake cha kutelezea, na nyuma yake wenzao sita wakielekea mtoni kwenye barafu.

"Wewe nyanya, umeshaanza kufuga wajukuu?" Nazik alipaza sauti. "Jua linazama. Tunakuacha."

Sirga alilitazama zulia. Alijua akisema, watoto wote kumi na watano watakaa pale hadi usiku, mama zao watajaa mlangoni, na macho ya mwewe yatageuka kichekesho.

"Zimetimia?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Zimetimia, Bibi."

Usiku ule alifungua kopo la mama yake la vifaa vya kushonea, akachukua sindano moja. Asubuhi aliichomeka pamoja na zile kumi na nne. Bibi alipita, akazihesabu kwa ncha ya kidole, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Sirga alidhani moyo utatulia sasa. Haukutulia. Kila mtoto alipojilaza juu ya zulia, Sirga alimwambia ainuke.

Ijumaa nzima alipitisha viganja juu ya sufu, akibonyeza huku na huku. Hakugusa kitu. Bibi alimwona.

"Mtazameni mwenzenu," akawaambia watoto. "Hajaambiwa, lakini analainisha kazi. Huyu ataolewa kwa farasi hamsini."

Watoto wakacheka. Sirga akaondoa mikono. Jioni hiyo Bibi alishona ukingo wote kwa uzi wa mara mbili, akaufunga.

Nyumbani kulikuwa na balaa jingine. Mama yake alikuwa amemwaga kopo zima mezani.

"Sindano yangu ya koti haipo," alisema. "Na najua ilikokwenda. Batma alikuwa hapa Jumatano. Yule jirani akiazima chumvi, anaondoka na kijiko."

"Labda imeanguka, mama."

"Imeanguka mfukoni mwake."

Jumamosi mama yake alimwambia Batma hivyo hivyo, kisimani, mbele ya wanawake wanane. Batma aliweka ndoo chini, akasema kwa sauti ya pole kwamba yeye ana sindano zake, alizoletewa na mwanawe aliyeko mjini Bishkek, na kwamba hatakanyaga tena nyumba ile. Akaondoka ameacha ndoo. Habari zilifika kila jiko kabla maji ya chai hayajachemka. Sirga alizisikia mara tano, kila mara zimeongezwa kitu. Usiku hakula. Alitaka kumwambia mama yake, lakini kila alipofungua mdomo aliona hana sindano moja tu ya kueleza. Alikuwa na uongo, na wizi, na jirani aliyevunjiwa heshima.

Jumapili nyumba ya Bibi Zurakan ilifurika. Wageni waliketi bega kwa bega, nyama ya kondoo ikatoa mvuke, maandazi madogo yakamwagwa mezani kama mchanga. Batma alikaa kona ya mbali, mgongo kwa mama yake Sirga. Zulia lilitandikwa katikati, kila mtu akalisifu. Baisal aliwaonyesha wageni mahali aliposhona yeye.

"Hapa pangu. Na hapa. Na hapa sindano iliingia ndani."

Wakubwa wakacheka, hawakumsikiliza. 

Mama yake Aktan alimsimamisha mwanawe ukingoni mwa zulia, akamfunga kamba. Nyayo zake zilikuwa nyekundu na laini, vidole vimejikunja. Nje, ukelele ulipigwa, na watoto wakaanza kutimua mbio kutoka mwisho wa barabara, theluji ikiruka visigino vyao. Mtu dirishani alitangaza, "Nazik yuko mbele. Anakuja. Fungueni mlango."

Sirga aliona kisu tayari mkononi mwa Bibi. Akapita katikati ya wageni, akakanyaga sahani ya mtu, akamnyanyua Aktan na kamba yake miguuni.

 Kumnyanyua mtoto ambaye kamba yake haijakatwa ni mkosi, kila mtu pale alijua hivyo.

"Una wazimu?" mama yake akamwuliza.

"Asitembee hapo," Sirga akasema. Mtoto alianza kulia, naye akamshika kwa nguvu zaidi. "Kuna sindano ndani ya zulia. Tangu Alhamisi."

"Sindano zilikuwa kumi na tano," Bibi alisema polepole. "Nilizihesabu mimi."

"Moja ni ya mama. Niliichukua nyumbani, nikaijazia." Akageuka upande wa kona.  "Shangazi Batma hakuchukua kitu. Ni mimi."

Mlango ukafunguka, Nazik akaingia akihema, mkono umenyooshwa kupokea kisu. Hakuna aliyemtazama.

Bibi hakupiga kelele. Aliweka kisu mezani, akalivuta zulia mbele yake kama mtu anayemsogeza mgonjwa. "Wanawake, njooni. Halibonyezwi kwa kiganja, hilo ndilo kosa la watoto. Sufu inameza. Likunjeni juu ya mkono, kidole kwa kidole. Sufu hukunjika. Chuma hakikunjiki."

Wanawake sita wakapiga magoti, na mama yake Sirga miongoni mwao, na baada ya muda Batma naye. Walilikunja upana, wakalikunja urefu. Hakuna aliyesema neno, na kwa nyumba ile hilo lilikuwa jambo la ajabu. Dakika zilipita. Ni Batma aliyesimamisha mkono.

"Hapa pamegoma."

Bibi alifumua mishono saba. Sindano ilikuwa humo, ncha yake imeelekea juu, upana wa kidole kutoka pale mtoto angetua.

Mama yake Sirga aliitazama sindano, kisha akamtazama Batma. "Jirani," alisema, "niliongea mbele ya wanawake wanane. Hapa wako zaidi ya hao. Nisamehe mbele yao."

"Ndoo yangu iliishia wapi?" Batma akauliza.

"Iko kwangu. Nitakuletea imejaa."

"Basi ijae maziwa," akasema Batma, na watu wakaanza kupumua.

Zulia lilishonwa upya palepale. Nazik akaikata kamba, na Aktan akapiga hatua mbili, akakaa, akapiga tena tatu, wageni wakimrushia pipi. Sirga alibaki karibu na jiko, hajui aondoke au akae. Bibi Zurakan akaja, akaketi kando yake na bakuli la chai.

"Baisal ana miaka sita. Alipoteza sindano, akasema imeingia," Bibi alisema. "Angesikilizwa Alhamisi, tungekaa saa moja, mama zenu wangeninung'unikia, basi. Kupoteza si kosa, mjukuu wangu. Mimi nilianza kupoteza sindano kabla mama yako hajazaliwa. Kosa ni ile uliyoleta kuziba pengo. Pengo lingekuwapo, mtu angeitafuta sindano. Ulipoliziba, hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta, na hatari ikabaki peke yake na mtoto."

Sirga aliinamisha kichwa. "Sitapewa tena sindano?"

"Utapewa kesho. Lakini kabla ya kuzigawa, utawaeleza wadogo wote ulichofanya, kwa mdomo wako, bila kupunguza." Akampa bakuli. "Watakuuliza maswali mengi. Watoto wa miaka sita hawana huruma. Utajibu yote."